Injini inayomisi alfajiri: kisa cha Kikumi kilichohamia Kabale

Gari na mwenyewe

Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, mwili wa 100, ile ambayo wengi hapa Uganda huiita Kikumi. Injini yake ni 5A-FE ya lita 1.5: injekta nne za kupulizia petroli, distribyuta moja ya kugawa moto wa umeme, waya nne za plagi. Kompyuta yake ni ya zamani. Haizungumzi na mashine za kisasa za kusomea hitilafu, bali huonyesha namba kwa kuwashawasha taa ya injini kwenye dashibodi.

Mwenye gari nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo ninavyomwita hata tukikutana sokoni. Anafundisha Kiswahili sekondari. Alilinunua gari Kampala kwa mtu aliyekuwa akilifanyia teksi, akalitumia mwaka mmoja bila malalamiko makubwa, kisha akahamishiwa Kabale. Mimi nililelewa Busia, mpakani na Kenya, na sasa nina gereji huku Kigezi, eneo la Kabale, kwa hiyo tuliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza. Nalitaja hilo kwa sababu maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya wateja wangu wengi, na bado sikuyasikiliza ipasavyo.

Alisema hivi: "Fundi, asubuhi likiwaka linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta linakohoa, linataka kuzima. Baada ya dakika nne au tano linatulia, na siku nzima halina shida. Kesho yake ni yale yale."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ya kwanza ya kufika Kabale. Nikamuuliza kama Kampala halikuwa hivyo. Akafikiri kidogo: "Lilikuwa linatikisika kidogo tu, kama nusu dakika. Nilidhani ndiyo tabia yake."

Waliotangulia

Kabla yangu gari lilikuwa limepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi zote. Wa pili alifunga pampu nyingine ya petroli. Wa tatu alisema kompyuta imekufa, akaleta nyingine iliyotumika yenye namba ileile, na ugonjwa ukabaki palepale. Mwalimu alikuwa ametumia zaidi ya laki saba.

Wote watatu walimwambia pia kwamba huenda ni mwinuko: Kabale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu 1,200, basi hewa ya huku ni nyembamba na injini inakosa pumzi. Nimesikia maelezo hayo mara nyingi mno, na kwa gari la aina hii hayasimami. Hewa ikiwa nyembamba, gari la kabureta, lisilo na kompyuta ya kupima petroli, huelekea kuzidiwa na petroli. Injini hii ina sensa inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Tena, mlima hauondoki baada ya dakika nne. Kitu pekee kinachobadilika ndani ya dakika nne hizo ni joto la injini.

Siku ya kwanza: nilipokosea

Mwalimu alilileta saa nne asubuhi, akitokea shuleni. Injini ilikuwa ya moto na ilinguruma vizuri kabisa. Nilifungua boneti, nikapima waya za plagi kwa mita. Kikomo cha Toyota ni omu 25,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kila waya. Waya wa silinda ya pili ulisoma 31,000. Nikafurahi. Waya mbovu na injini inayomisi, yaani inayokosa kuchoma petroli vizuri, ni ndugu wa damu, na niliona nimemaliza kazi kwa dakika ishirini.

Nikafunga waya mpya, nikasafisha kifuniko cha distribyuta, nikawasha. Injini ikanguruma vizuri. Nikamwambia Mwalimu gari lake limepona.

Sasa tazama nilichokifanya. Gari lilifika likiwa linanguruma vizuri, likaondoka likiwa linanguruma vizuri, na katikati nikatangaza kwamba nimelitibu. Sikuwa na ushahidi wowote. Waya ulikuwa mbovu kweli na ulistahili kubadilishwa, lakini sikuwahi kuuona ugonjwa wenyewe kwa macho yangu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. Mwalimu hakusema neno. Aliiweka simu karibu na boneti, nikasikia injini ikikohoa.

Uamuzi wa kulilaza gari

Nilimwomba aliache gari gereji usiku. Hakupenda, na alikuwa na haki, kwani shule iko mbali na alikwisha kulipa watu wanne. Nikamwambia, "Mwalimu, ugonjwa huu unatembelea alfajiri tu. Ukiniletea gari saa nne unaniletea mgonjwa aliyekwisha pona." Tukakubaliana kijana wangu ampeleke na kumrudisha kwa pikipiki, na kwamba sitamdai chochote hadi aliwashe mwenyewe asubuhi na kuridhika.

Kulilaza gari kuna gharama yake. Kwa siku unapata nafasi moja tu. Injini ikishawaka dakika tano, jaribio limekwisha mpaka kesho. Kwa hiyo jioni ile niliandika kwenye karatasi nitakachopima, kwa mpangilio, nikavitoa vifaa vyote na kuviweka juu ya meza.

Alfajiri ya kwanza

Ukungu ulikuwa bado umejaa bondeni. Kipimajoto nilichokitundika kwenye nguzo kilisoma nyuzi 12. Kabla ya kuwasha nilichomoa soketi ya sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili inayopeleka habari kwa kompyuta. Kuna nyingine ya waya mmoja, nayo huendesha mshale wa dashibodi tu. Mafundi wengi huzichanganya hizi mbili: wakiona mshale unapanda vizuri wanasema sensa ni nzima, kumbe wameitazama isiyohusika.

Sensa hii hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Kwa nyuzi 20 inapaswa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwa nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Kwa ubaridi ule nilitarajia zaidi ya 3,000 kidogo. Mita ikasoma 3,400. Nikaandika kwenye karatasi: sensa nzima. Nikarudisha soketi. Maneno hayo mawili yaligharimu siku nzima.

Kisha nikawasha. Ikawaka kwa shida na kuanza kutetemeka, ikizunguka mara 700 tu kwa dakika. Injini baridi inapaswa kuwa juu zaidi, kama 1,300 au 1,400, na kushuka polepole inavyopata joto. Nikachomoa soketi za injekta moja baada ya nyingine. Napendelea njia hii kuliko kuchomoa waya za plagi, kwa sababu moto wa plagi ukikosa pa kwenda huumiza koili, na petroli isiyoungua huenda kuharibu ekzosi. Kama silinda moja ndiyo mbovu, ukiizima hiyo hakuna tofauti, na ukizima nzima injini inazidi kudhoofika. Hapa kila niliyoizima ilidhoofisha injini sawasawa. Silinda zote nne zilikuwa zinaumwa ugonjwa mmoja. Plagi moja, waya mmoja, injekta moja, vyote vikatoka kwenye orodha.

Mgandamizo wa petroli nilikuwa nimeufungia geji usiku. Ulisoma karibu bar 2.8, kiwango kinachotakiwa. Jaribio la mwisho kabla dakika hazijaisha lilikuwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta, tone dogo tu, kwenye njia ya hewa. Dawa hiyo hushika moto kwa urahisi. Usiipulize karibu na waya za plagi, na usiifanye peke yako bila kizima moto karibu. Injini ikanyooka papo hapo, ikatulia kama ya moto, kisha dawa ilipokwisha ikarudi kukohoa.

Basi injini ilikuwa na njaa. Ilikuwa inapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji ikiwa baridi. Injini baridi huhitaji petroli ya ziada kwa sababu sehemu ya petroli hugandamana kwenye kuta baridi za manifoldi badala ya kugeuka mvuke, na kompyuta huongeza kiasi hicho kwa kusikiliza sensa ya joto la maji. Kila kitu kilikuwa kinanyooshea kidole sensa ile, na mimi nilikwisha iandika kuwa nzima.

Nikaenda kutafuta pengine. Siku ile yote nilitoa injekta, nikaziosha, nikakagua mpira wa sensa ya mgandamizo wa hewa, nikatazama gasketi ya manifoldi. Injekta zilikuwa safi kiasi. Jioni sikuwa na kitu.

Alfajiri ya pili: taa ambayo haikuwaka

Nyuzi 11. Injini ilikohoa kama jana. Niliunganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na E1 kwenye kisanduku cha ukaguzi ndani ya boneti, nikatazama taa ya injini. Iliwakawaka mfululizo bila kupumzika, maana yake kompyuta haina lalamiko lolote.

Kijana wangu, ambaye yupo mwaka wake wa kwanza, akauliza: "Bosi, kama sensa ingekuwa imekatika kabisa, taa ingesemaje?" Nikamwambia ingetoa namba 22: mara mbili, kupumzika, mara mbili. Akauliza kama anaweza kuona. Nikaona ni nafasi nzuri ya kumfundisha. Nikatoa waya wa TE1, nikachomoa soketi ya sensa, nikamwambia awashe na kutazama dashibodi.

Injini ikawaka. Taa ya injini ikazima kama kawaida. Tukasubiri. Haikuwaka tena.

Nilisimama na ile soketi mkononi. Sensa ilikuwa imechomolewa kabisa, na kompyuta haikujua. Kompyuta iliyokatiwa sensa hii hulalamika karibu papo hapo. Kama hailalamiki, basi inasoma kitu kingine.

Nikazima, nikafungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, nikapima volti kati ya waya mbili za soketi. Pakiwa hapana kitu kilichofungwa, kompyuta hutuma volti 5. Mita ilisoma 1.4. Umeme ulikuwa unapita mahali fulani kati ya kompyuta na soketi. Na kompyuta yenyewe ilikwisha kubadilishwa na fundi wa tatu, bila faida yoyote, jambo ambalo sasa lilinisaidia kuamini kwamba kosa liko kwenye waya.

Tulifungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, tukafuata waya. Kwa urefu wa kiganja kutoka kwenye kompyuta, tepu ilibadilika. Ya kiwandani ni ya kitambaa na haing'ai. Hii ilikuwa ya plastiki, inang'aa, na gundi yake imeyeyuka ikashika vumbi. Nikaibandua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na rezista, kifaa cha kukinza umeme, ndogo kama punje ya mchele, mistari yake kahawia, nyeusi na nyekundu, miguu yake miwili imechomelewa kwa risasi kwenye waya mbili za sensa. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000.

Nikaikata, nikaziba waya vizuri, nikapima tena: volti 4.9. Kijana akawasha huku soketi imechomolewa, na taa ikawaka. Tukasoma namba: mbili, mbili. Nimewahi kuona namba hiyo mara nyingi, lakini sijawahi kuifurahia kiasi kile. Nikarudisha soketi, nikatoa fyuzi ya EFI (mfumo wa injekta) kwa nusu dakika ili kufuta kumbukumbu, tukafunga boneti. Injini ilikuwa imekwisha pata joto. Hukumu ilikuwa ya kesho.

Matokeo

Alfajiri ya tatu Mwalimu aliwasha mwenyewe, akiwa amejifunika shuka begani. Mshale wa mzunguko wa injini ulipanda hadi 1,400, ukakaa hapo, kisha ukaanza kushuka taratibu. Hakukuwa na mtetemeko. Aliketi dakika nzima bila kukanyaga kitu, halafu akasema, "Kumbe hili gari lina sauti nzuri hivi." Alilipa waya wa plagi na kazi ya siku moja. Siku ya injekta sikumdai, kwa sababu ilikuwa makosa yangu.

Uchambuzi

Hesabu ya rezista ile inaeleza kila alichokisema Mwalimu. Vitu viwili vinapofungwa sambamba, umeme hupita kote kuwili, na ukinzani wa jumla huwa mdogo kuliko wa kile kidogo. Asubuhi ya nyuzi 12 sensa ilikuwa 3,400. Ukiunganisha na 1,000 unapata kama 770. Kompyuta ikiona 770 inaamini maji yana nyuzi 50 hivi, kwa hiyo inaondoa petroli ya ziada na haipandishi mzunguko wa injini. Injini ikishapata moto wa nyuzi 80, sensa huwa karibu 320, na pamoja na rezista inakuwa 240. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 10 tu, wala injini haijali. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unajiponya kila siku.

Kampala nayo ikaeleweka. Alfajiri ya kule mara nyingi haishuki sana chini ya nyuzi 18, na injini ya nyuzi 18 huvumilia njaa kuliko ya nyuzi 12. Kosa lilikuwemo tangu siku alipolinunua. Ile "nusu dakika" aliyoitaja ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe ukiwa mdogo, na mimi nilisikia nikapita.

Aliyeifunga rezista, kwa maoni yangu, alitaka gari la teksi linywe petroli kidogo. Nawaelewa madereva wanaohesabu kila lita. Lakini teksi hushinda na injini ya moto, na kwenye injini ya moto rezista hii haiokoi kitu. Inachoiba ni ile petroli ya dakika za kwanza, ambayo injini haiwezi kuishi bila hiyo. Mtu alilipwa kwa kazi isiyo na faida, na miaka baadaye mwalimu wa shule akailipia mara nne.

Kilichofanya kazi ni kulilaza gari, na ninaona hakuna jingine lililokuwa na uzito kama hilo. Jaribio la injekta lilifuta nusu ya orodha kwa dakika moja, na dawa ya kabureta ilitaja njaa kwa jina. Vyote viwili visingewezekana saa nne.

Kosa langu kubwa halikuwa ule waya wa plagi. Lilikuwa kupima sensa nikadhani nimepima habari inayofika kwenye kompyuta. Nilichomoa soketi, na kwa kuichomoa nilijitenga na rezista iliyokuwa ng'ambo ya pili. Mita ilisema kweli juu ya sensa, nami nikalitandaza jibu hilo juu ya waya wote. Laiti ningepima kwa nyuma ya soketi ikiwa imefungwa na swichi iko wazi, ningeona volti za chini, kama zile za injini iliyokwisha kupata joto, wakati injini ni baridi kama jiwe. Sasa ndivyo ninavyopima kwanza, na gharama yake ni sindano mbili nyembamba.

Ukimya wa taa nao ulitudanganya sote wanne. Kompyuta ya gari kama hili hutoa namba 22 waya ukikatika au ukigusana kabisa. Habari ya uongo iliyo ndani ya mipaka inayokubalika huipokea bila neno. Nyuzi 50 ni habari halali kabisa kwa kompyuta, na haina njia ya kujua kwamba nje kuna ukungu.

Swali la kijana sitalihesabu kama bahati. Aliuliza kitu ambacho mimi nilikwisha kukifunga kwa maneno mawili kwenye karatasi. Kipande kile cha waya chenye rezista nimekichomelea sensa ya zamani upande mmoja na soketi upande wa pili, kipo mezani. Kila kijana mpya anayekuja gereji nampa mita na kumwambia apime. Wengi huchomoa soketi kwanza.